Wimbo Niliomwimbia Mtani Wangu Kaburini

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Habari wa Masasi, yaani afisa habari wa wilaya, hakunipa kiti. Alinipa ngazi. "Panda juu ya gari ufunge vipaza sauti," aliniambia, "kisha ushuke unieleze ni vingapi vinaangalia mbinguni." Vilikuwa viwili kati ya vinne. Nilidhani sauti hupanda kama moshi, kumbe inataka kuelekezwa masikioni mwa watu. Alicheka mpaka akavua miwani.

Ndivyo nilivyoanza ufundi mitambo katika gari la habari la serikali, kazi niliyoifanya hadi kustaafu. Ninyi mnaorushiana nyimbo kwa simu mtaniona natia chumvi, lakini muziki tulikuwa tunaubeba mgongoni. Tulikuwa na rekoda ya mikanda mipana kama sahani, na amplifaya, yaani mtambo wa kukuza sauti, uliokula umeme wa betri ya gari. Hatukusahau dumu la maji, maana ukipanda Newala zama zile rejeta ilikuwa na kiu kuliko abiria. Kila asubuhi nilisafisha kwa spiriti kichwa cha rekoda, kile kichuma kinachogusa mkanda. Usipokisafisha, mwimbaji anasikika kama ana mafua.

Watu hawakusanyiki kwa hotuba tupu, kwa hiyo tulimtanguliza Baba Anjela, kiongozi wa bendi pale Newala. Redio ilimfanya ajulikane nchi nzima. Siku hizo wakimbizi walikuwa wakivuka Ruvuma kukimbia vita vya ng'ambo, naye akawatungia wimbo: "Bunduki haina mama, haijui kulia." Niliwaona kwa macho yangu wazee wa Mnyambe wakifuta machozi kwa kofia zao.

Yeye alikuwa Mngoni wa Songea aliyelowea Newala, mimi Myao wa Masasi, kwa hiyo tulikuwa watani. Utani wetu wenyewe ulizaliwa na vita. Babu zake walikuja kuwapiga babu zangu, na ugomvi ulipokwisha wajukuu wakabaki kuchekana.

"Mateka wangu," alikuwa akiniita kila nikimwekea maikrofoni, "leo spika zisinipigie mluzi."

"Wewe imba amani, mtani," nami namjibu. "Mlianza kuipenda mlipomaliza kuku wetu."

Nimecheka sana na mtu yule. Siku zile nazikumbuka mpaka leo, hata ukungu wa Newala ulivyokuwa ukilowesha mikanda yangu.

Kisha nchi yetu nayo ikavamiwa, ikaingia vitani. Bwana Habari wa pili, mtu wa maneno machache, akatupandisha Newala. "Tunataka wimbo wa kwenda vitani," alimwambia Baba Anjela. "Wa kulia unao tayari." Mimi nilijua atakataa. Baba Anjela alilitazama gitaa lake, halafu akauliza anapewa muda gani.

Kesho yake mchana, uwanja ukiwa umejaa, akaimba: "Mama nifungie mzigo, nyoka kaingia ndani." Haki ya Mungu, ulikuwa mtamu kuliko ule wa amani. Vumbi lilitimka. Nami, fundi mzima, nikapandisha sauti mpaka mshale wa mtambo ukagota kwenye nyekundu, jambo ambalo nilifundishwa nisilifanye kamwe. Mdogo wangu Saidi alikuwa amekuja kunitembelea siku hiyo. Alijiandikisha jeshini palepale uwanjani, jasho la kucheza halijamkauka. Hakurudi.

Vita vilipokwisha, Baba Anjela akarudi kwenye bunduki isiyo na mama, na ule wimbo mwingine hakuugusa tena. Miaka mingi nilimwekea maikrofoni, tukataniana vilevile. Nilikuwa nangoja aniambie neno moja tu juu ya Saidi. Hakusema, na kwa kuwa nilimpenda, nami sikuuliza. Iliniuma kila alipousimamisha umati kwa wimbo wa amani.

Mwaka huu amefariki. Makaburini Newala walisimama wasemaji mmoja baada ya mwingine, wote wakasema marehemu hakuwahi kuimbia vita hata siku moja. Kifua kiliniwaka. Mtani msibani ana ruhusa: humwigiza marehemu, hutaja kasoro zake hadharani, na hakuna wa kumkasirikia. Ruhusa hiyo nimeingoja zaidi ya miaka arobaini. Nikachukua jembe la wachimba kaburi, nikaushika mpini wake kama gitaa, nikasimama mbele ya jeneza.

"Halishuki!" nikasema. "Mngoni huyu mnamzika nusu. Nusu nyingine ninayo mimi."

Anjela, bintiye, ambaye sasa ana wajukuu, akanisogelea. "Shikamoo, baba. Unataka kumfanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nataka kumwimba."

"Basi mwimbe. Mtani hazuiwi."

Nikaanza: "Mama nifungie mzigo..." Nilitaka waone aibu. Nilitaka nivione vichwa vikiinama, kila mtu ajue ni nani aliyemwita Saidi. Mstari wa pili ukapokewa na mzee mmoja mwenye mkongojo. Wa tatu wakaupokea kina mama. Mara makaburi yote yakawa yanaimba, walewale waliotoka kumsifia amani, wanapiga makofi, nyuso zimewang'aa, hakuna aliyesahau hata neno. Anjela naye aliimba.

Vijana huniuliza kama wanamuziki wakubwa husimama kwenye maneno yao ya kupinga vita, au hugeuka upepo ukigeuka. Nimewawekea wengi maikrofoni, na ambao hawakugeuka ni wachache. Zamani nilikuwa na jibu kali kwa waliogeuka. Lakini pale kaburini nilikwenda kumshitaki Baba Anjela, na tulipofika kwenye kiitikio nikajikuta nacheza. Wimbo ule ulimchukua mdogo wangu. Naujua wote, na bado naupenda.