Bibi Aliyesafishwa Uso

Juzi nilikuwa steshenari moja pale Ufukoni, nasubiri picha zangu za pasipoti. Mbele yangu alikaa bibi wa Kimakonde, mashavu yote chale, pamoja na mjukuu wake wa kike aliyemchora kwa penseli. Binti alitaka mchoro uingizwe kwenye kompyuta, auweke kwenye tovuti yake.

Kaka wa kompyuta akauskani, akahangaika na mausi kwa bidii, kisha akatugeuzia kioo kwa madaha. "Usoni kulikuwa na mistari michafu sana. Nimeisafisha yote."

Bibi akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Huyu nani?"

"Ni wewe, bibi."

Bibi akajipapasa shavu, kuhakikisha mali bado ipo. "Mimi nilichanjwa kwa kisu, bila ganzi, na kulia nikakatazwa. Wewe umenifuta kwa kidole kimoja, tena unachekelea?"

Mjukuu akaziba mdomo kwa mtandio. Kaka akalitazama shavu la bibi, akaitazama karatasi, akaanza upya. Chale zikarudi, bibi akizikagua kama mwenye shamba: "Na ya kidevuni je? Umeila?"

Zamu yangu ikafika. Kwenye picha zangu kipara kimeota nywele, mifuko chini ya macho haipo, nang'aa kama sahani ya harusi. Nilikuwa karibu kumshukuru kaka wa watu, bibi akachungulia begani kwangu.

"Na huyu nani?"

Nikazitia mfukoni upesi, kabla hajaagiza na mimi nirudishiwe sura yangu.