Mahali pa Bosko

Nzisa alipozikwa nyumbani kwake karibu na Mbumbuni, mumewe Kivuva alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba vinne. Miezi miwili baadaye mwanawe Muthama, anayetengeneza kabro, matofali ya kutandika uani, kule Kibwezi, alimletea mtoto wa mbwa ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia.

"Akulinde, Baba. Lakini alale ndani mpaka akomae, wasije wakamwiba."

Kivuva hakuwa amewahi kulaza mbwa ndani. Alimwita Bosko, akajifunza kumzoesha kujisaidia nje kwa kumtazama. Akiamka, nje. Akimaliza uji, nje. Akianza kunusa sakafu na kuzunguka, nje mbio, na kila mara pale pale, penye udongo mwekundu kando ya ua wa minyaa. Akimaliza, anasifiwa na kukunwa shingo. Wavinya, jirani yake na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alimkuta amesimama pale na kamba mkononi.

"Kivuva, unamsindikiza chooni kama bwana harusi?"

"Yeye huniambia akitaka kwenda."

"Wangu ana miaka thelathini kwangu, hajawahi kuniambia anakoenda!"

Asubuhi na jioni walishuka mpaka kwenye mto mkavu wa mchanga na kurudi, Bosko akivuta, Kivuva akihema. Kufikia wiki ya tano, sakafu ilikuwa kavu siku tisa mfululizo. Kivuva akaanza tena kula chakula cha mchana. Mbwa alikuwa na saa zake, naye akawa na zake.

Miezi kadhaa baadaye Muthama akaleta lori la kabro. Mwaka mmoja tangu kifo cha mama yake ulikuwa unakaribia na kanisa lingekuja kwa maombi.

"Niachie hatua tatu kando ya minyaa," Kivuva aliomba. "Pale ndipo mahali pa Bosko."

"Baba, mimi nauza kabro. Watu wakute vumbi kwetu? Mbwa atazoea."

Kiwanja chote kilifunikwa, kutoka mlangoni hadi langoni. Lilibaki kaburi la Nzisa tu, kwa sababu mwenyewe alikuwa amesema, "Nimelima maisha yangu yote. Msinizibe kwa simiti."

Siku ya maombi walikuja watu arobaini. Katikati ya sala pale uani, Bosko aliyefungiwa ndani alikwaruza mlango, Kivuva akamfungulia. Mbwa alikimbia hadi kwenye minyaa, akanusa kabro, akazunguka, akarudi. Halafu akauona udongo. Alipanda juu ya kaburi, akajisaidia, akamtazama Kivuva akingoja sifa.

Hakuna aliyecheka, hata Wavinya.

Wageni walipoondoka Muthama alisema, "Kaburi lipigwe simiti au mbwa aondoke. Chagua."

"Ng'oa matofali manane tu."

"Nikiyang'oa, maji yataingia, matofali mengine yote yalegee."

Kivuva alimkuna Bosko shingo. "Weka simiti," alisema.

Fundi alimaliza Jumatatu. Kuanzia siku hiyo Kivuva alifunga dirisha la upande wa kaburi.

Bosko hakuzoea. Akitolewa nje alisimama juu ya kabro, akanusa, akajizuia. Kivuva alijaribu kumpeleka nje ya lango kila baada ya saa mbili, lakini goti lake lilikuwa bovu na mara nyingi mbwa alishindwa kungoja. Aliishia kwenye zulia la sebuleni, kisha akajificha chini ya meza, ingawa hakuna aliyewahi kumpiga.

Muthama alipokuja Jumamosi alikanyaga zulia bichi.

"Huyu hafundishiki."

"Alikuwa amejua. Wewe ndiye uliyeondoa mahali."

"Baba, unanilaumu kwa sababu ya mbwa?"

"Nakulaumu kwa sababu ya mama yako. Najilaumu na mimi."

Muthama alimfunga Bosko nyuma ya pikapu, akaondoka naye kwenda Kibwezi.

Baada ya wiki moja alipiga simu, sauti yake imechangamka. "Baba, Bosko ana adabu siku hizi! Hajachafua ofisi hata mara moja. Anaenda mwenyewe kwenye rundo la mchanga. Kumbe alihitaji tu mtu mkali."

"Ni vizuri," Kivuva alisema. "Acha nikate, simu inaisha chaji."

Ilikuwa imejaa.