Maonyo Yaliyozimwa

Kwenye karakana ya vifaa vya hospitali wenzake walimwita Mwepesi. Kazi ya wiki nzima aliimaliza mapema, kisha akapita meza za watu akitania. Siri yake ilikuwa ndogo. Alipoandika programu kwa lugha ya C, aliiamuru kompaila, ile inayogeuza maandishi yake kuwa lugha ya mashine, isimtolee onyo lolote. Kosa likizuia kazi angelirekebisha. Onyo, la nini? Haraka haraka haina baraka, sote twasema, na sote tuna haraka.

Safari hii alimtengenezea mama yake kisanduku cha baridi cha kuhifadhia insulini. Insulini ikiganda imeharibika, na mama bila insulini hana maisha. Kwa hiyo aliweka king'ora: baridi ikizidi, kilie.

Kabla hajakipeleka, jirani yake wa meza, waliyembandika jina la Bi Maonyo, aliomba kuikagua programu. Akawasha maonyo yote. Skrini ikajaa.

"Dada, hayo makelele tu. Kitu kinafanya kazi."

"Njoo usome hili, kaka. Unalinganisha namba inayoweza kushuka chini ya sifuri na namba isiyoweza. Ikifika hasi moja, mashine itaiona namba kubwa ajabu. Itadhani hakuna baridi."

Mwepesi alicheka, lakini alikitia kipimajoto cha kisanduku kwenye friza ya ofisi. Kwenye nyuzijoto moja king'ora kililia. Kwenye sifuri kililia. Chini ya sifuri kikanyamaza.

Mwepesi akavuta kiti. Walirekebisha pamoja, wakasoma onyo baada ya onyo, naye hakutania tena siku ile.

Haukupita muda mrefu tangu ampelekee kisanduku, mama akapiga simu, amekasirika.

"Mwanangu, nimerudi kutoka kwa jirani nakuta kisanduku chako kinanipigia kelele. Kinaandika hasi mbili. Nikizime?"

"Usiichome dawa hiyo, mama. Imeganda. Nakuletea nyingine sasa hivi."

"Kumbe. Nilikuwa nimeshaandaa sindano."

Alipotoka kwa mama alirudi karakana moja kwa moja, akasimama mbele ya Bi Maonyo. 

"Asante, dada. Umeniokolea mama."

 Mwepesi akaketi mezani pake, akafungua programu zake za zamani, zile ambazo tayari zilikuwa zinaendesha vifaa kando ya vitanda vya mama za watu wengine, akawasha maonyo.