Mfungo Wangu wa Kukosa Mahindi

Harufu ya uji unaoanza kushika chini ya sufuria hunirudisha, wenzangu, kwenye shule yetu ya msingi kule Kisoko, upande wa Uganda. Ilikuwa shule ya serikali iliyoanzishwa na kanisa, na mpaka leo sijui mwenye shule hasa alikuwa nani. Juzi niliinusa tena jikoni kwangu, watu wakibishana redioni kuhusu dini mashuleni, nikaizima redio.

Kila muhula mzazi alileta debe la mahindi ya uji. Asiyeleta, mtoto wake alibaki darasani saa nne, wengine wakitoka na vikombe. Hakuna aliyetutukana, tulibaki tu, na shule nzima ikatujua. Mwaka ule mvua ilitukimbia, na mama, aliyekuwa akivuka mpaka kwenda Busia kuuza nyanya, hakuwa na debe la kupeleka.

Rafiki yangu Mwajuma, binti wa fundi cherehani na mmoja wa Waislamu wachache pale, naye alibaki darasani mwezi huo wa Ramadhani, lakini kwa heshima zake: alikuwa amefunga. Aliponiona nimeinamia dawati akaninong'oneza, "Wewe pia sema nafunga. Nani ataulizia mahindi?"

Basi nikafunga, mimi niliyebatizwa. Nilifunga vibaya mno, maana saa nane nilikuwa njiani natafuna muhogo mbichi. Lakini siku nne nilitembea kichwa juu. Siku ya tano mwalimu aliniuliza mbona sinywi uji, nami nikamjibu kwa maringo kwamba nimefunga.

Yaliyofuata sikuyaelewa hata kidogo. Wazazi waliitwa mkutanoni, sisi wawili tukakalishwa mbele. Mzee mmoja wa kanisa akasema watoto wanageuzwa dini. Baba yake Mwajuma akajibu kwamba binti yake huimba nyimbo za kanisa kila asubuhi na yeye hajawahi kulalamika. Mwingine akataka Waislamu watengewe darasa lao. Nilingoja mtu ataje mahindi, wapi! Mama alikaa nyuma kabisa, akikunja na kukunjua leso yake, nikadhani amenikasirikia.

Mwalimu mkuu akauliza, "Nani amefundisha huyu mtoto kufunga?"

Mwajuma alitazama nyuma, alipokaa mama yangu, halafu akasema, "Ni mimi, mwalimu."

Nilijiambia kwamba nitasema ukweli kesho.

Wiki hiyohiyo baba yake alimhamishia shule ya ng'ambo, upande wa Kenya. Nami Jumatatu niliitwa kwenye foleni ya uji. Yule mzee wa kanisa alikuwa ameleta debe la mahindi kwa jina langu, nisije nikapotea tena. Kumbe alijua! Ikiwa alijua, ule mkutano wote ulikuwa wa nini? Nimejiuliza miaka mingi, na wale wa redioni hawajanisaidia.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba Mwajuma aliniokoa mimi na fimbo. Nilikuwa mama wa watoto wawili nilipoelewa kwa nini alimtazama mama yangu kabla ya kujibu, na ni aibu ya nani aliyoifunika kwa kukubali kuitwa mpotoshaji. Alikuwa na miaka kumi.

Asubuhi ile ya Jumatatu wengine wasio na mahindi walibaki darasani kama kawaida. Mimi nilikunywa kikombe changu chote, na naona haya kuwaambia, kilikuwa kitamu.