Kitanda cha Wenyeji

Mwanangu, kabla hujafunga begi la safari yako ya vijijini, kaa kidogo. Kuna siku moja ya ujana wangu ambayo siisahau mpaka leo.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha kilimo, kijana wa mjini kama wewe. Tulipelekwa Ifakara, kila mmoja akakae na familia ya wakulima mwezi mzima. Daraja la mto Kilombero lilikuwa halijajengwa bado, nikavuka kwa pantoni pale Kivukoni. Ng'ambo nikapokelewa na Mama Apolonia na mumewe, Wapogoro waliolima mpunga. Wakanionyesha chumba chenye kitanda, nami nikalala kana kwamba ni haki yangu.

Wiki ya kwanza niliandika kwenye daftari la chuo kila nilichokiona. Mchana mmoja Mama Apolonia alikuwa anapeta mchele uani, akaniambia, "Baba, kila siku unaandika tu. Hebu tusomee na sisi."

Nikababaika. Ningeweza kubuni lolote, lakini niliona aibu kumdanganya mtu anayenipikia. Nikasoma kama nilivyoandika: "Hawana umeme. Hawana bomba. Hawana hata meza. Watu hawa hawana kitu."

Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Kitanda umekiandika?"

"Bado, mama."

"Kiandike. Tunacho kimoja, ndicho unacholalia. Mimi na baba yako tuko jikoni, kwenye mkeka, tangu ulipokuja." Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Usiniandike sina kitu, mwanangu, wakati mgeni wangu ameshiba."

Nikaomba radhi, nikamsihi warudi chumbani kwao. Akakataa katakata. Mgeni alale jikoni kwake? Haiwezekani.

Basi asubuhi yake nikamfuata mumewe shambani kuamia ndege wasile mpunga, maana ulikuwa unaiva. Nikapiga debe, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikaenda na siku ya pili, na ya tatu. Jumamosi mama akanitazama nilivyochakaa, matope mpaka magotini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Huyu si mgeni tena," akamwambia mumewe. "Ni mtoto wetu. Mpe mkeka."

Mwanangu, nimepewa vyeti na vyeo katika kazi yangu. Sijapokea kitu kwa furaha kama mkeka ule.

Siku ya kuondoka nilimshukuru haraka haraka, nikiwahi gari. Niliporudi baada ya miaka, nilimkuta mumewe peke yake.

Kwa hiyo nenda. Waamkie wote, hata wafugaji usioijua lugha yao. Kula unachopewa. Shika jembe kabla hujaombwa. Na usiyaite maisha ya mtu umaskini kabla hujajua anajinyima nini kwa ajili yako. Ukishajua, shukuru kwa mdomo, taratibu, akusikie.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe nyumba yenye watu wa namna ile, na akupe macho ya kuwaona.