Nilishinda kesi ya fimbo yangu ya kupandia mlima, na bado nina hasira

Wakuu, kwema? Hili limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitoa. Sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni fundi, karakana yangu ipo Engutoto. Natengeneza fimbo za kupandia mlima, zile za kurefusha na kufupisha. Wateja wangu ni maguide wa Mlima Meru.

Fimbo nyingi za nje zikiingia tope, kifungo cha kukaza urefu kinateleza, fimbo inajirudi, mgeni chini. Nikahangaika mpaka nikapata kifungo changu: raba ya tairi na skrubu moja. Hakitelezi hata ukikichovya matopeni.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Siku ya mavuno kanisani, wengine walileta mahindi na kuku, mimi nikapeleka fimbo yangu ya kwanza yenye kifungo hicho. Si mnajua mnada wetu wa sadaka baada ya ibada? Dalali akanipa maiki nieleze. Weee! Nikakifungua kifungo mbele ya usharika mzima. Raba hii hapa, skrubu hii hapa. Nilipigiwa vigelegele nikavimba kichwa.

Aliyeinunua ni mgeni mmoja mpole, mwenye kampuni ya vifaa vya michezo kule Kisongo.

Kabla hamjanishambulia: ndiyo, nilijua kuna hataza, ile hati ya kulinda ubunifu wako. Nilisema nitaenda kuomba wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miaka miwili.

Ikaja barua ya wakili. Kampuni ya yule mpole imeomba hataza ya kifungo, eti mimi niache kutengeneza mara moja. Mimi! Kwa hasira hata chai ilinishinda. Nina watoto wanakula kwa fimbo hizo.

Nikaenda kwa wakili, dada mmoja mtulivu sana. Akaniuliza kama kuna watu walikiona kifungo kabla kampuni haijaomba. Nikacheka. Usharika mzima, dada, na video ipo kwenye grupu la kwaya!

Akaitazama video yote. Kisha akasema, "Kaka, hii inawaangusha wao. Na wewe inakuangusha pia."

Akanieleza kwamba hataza hupewa kitu ambacho umma haujakijua. Mimi nilishautangazia kwa maiki, halafu nikalala miaka miwili. Nikiipeleka video kwa msajili wa hataza, wao wanakosa na mimi nakosa. Nisipoipeleka, wanapewa wao na mimi nafunga karakana.

Jamani, hapo ungechagua nini? Niliipeleka.

Ombi lao likakataliwa. Watu wakanipongeza, mke wangu akapika pilau. Nilikula nimenuna.

Maana sasa kifungo ni cha kila mtu. Kampuni ina mashine, inatoa fimbo kwa mamia, kwenye pakiti inayong'aa. Na hawavunji sheria yoyote. Hicho ndicho kinachonichosha kabisa.

Juzi guide mmoja wa Olmotonyi kaniletea fimbo ya kampuni, raba imelegea. Akaniuliza kwa heshima zote, "Fundi, hivi vifungo vya kisasa unaviweza kweli?"

Nikamtengenezea.

Wakuu, ukibuni kitu, funga mdomo kwanza, nenda kaombe hataza, ndipo ujisifu. Hata kanisani.

Kama kuna aliyepitia haya, aniambie hasira huwa inaisha lini. Na mnaotaka kunicheka, chekeni tu, nimeshazoea.