Nafasi ya Nne

Lyall Petersen alikuwa na uchovu ule ambao mtu akilala anaamka nao. Fundi wa malori ya mgodi pale Mount Isa, umri unaikaribia hamsini, mikono imekunywa oili mpaka haisafishiki tena, na mgongo wake ulikuwa umeharibika kiasi kwamba soksi alizivaa akiwa amelala chali kitandani. Kulalamika hakulalamiki. Sisi wa mji huu ukituuliza hali tunajibu kwamba si mbaya, hata kama tumeshikilia ukuta tusianguke.

Miaka miwili nyuma, akirudi kutoka zamu, pikapu yake iliingia mtaroni na taa moja ikavunjika. Aliwaambia watu wote kwamba alikuwa anamkwepa kangaruu. Watu wakaitikia, maana kangaruu ni wengi na hawana wa kuwatetea.

Kitu kimoja tu kilimfanya aoge mapema na kunyoa ndevu, nacho ni Jumamosi jioni. Binti yake Tahnee, msichana wa miaka kumi na mitano, alikuwa anaishi Townsville, safari ya siku nzima barabarani, pamoja na mama yake Corinne na huyo Grant ambaye Corinne aliolewa naye baadaye. Kila Jumamosi jua likishuka, Tahnee, wenzake wawili wa shuleni na baba yake waliingia kwenye gemu la vita kupitia mtandao. Kikosi ni cha watu wanne, na Lyall ndiye aliyekuwa wa nne. Alijiwekea pai ya nyama mezani, akavaa hedifoni, akaketi. Mara nyingi alijikuta anazinduka, mate yametiririka kidevuni na pai imepoa, na Tahnee anamwambia sikioni, "Tumeshinda, baba." Jumatatu asubuhi karakana nzima ilikuwa lazima isikie alivyoshinda.

Sasa jioni moja Tahnee akampigia simu.

"Baba, Jumamosi ya wiki ijayo gemu linabadilishwa lote. Kompyuta yako haitaliweza."

"Italiweza. Nitaipangusa vumbi."

"Baba, hiyo kompyuta ni rika langu!"

"Basi bado mbichi kabisa."

"Sitanii mimi. Bila watu wanne hatuingii. Grant amesema anaweza kushika nafasi yako. Kwa muda tu."

Hilo "kwa muda tu" lilimchoma Lyall kama mwiba wa samaki. Grant alikwishapata mke, nyumba yenye bwawa la kuogelea, na mbwa, na mbwa mwenyewe alikuwa wa Lyall. Kilichobaki ilikuwa nafasi hii moja, ya mtu wa nne kwenye kikosi cha watoto, na hiyo Lyall aliapa kwamba haimtoki.

Kesho yake wakati wa chai akamwendea Bernadette Cuskelly. Mama huyu alikaa kwenye kibanda cha mizani akipima malori yanayotoka na mawe, na nyumbani kwake aliunda kompyuta kwa mikono yake. Nusu ya watoto wa mji huu wanachezea mashine zake.

"Una shilingi ngapi, we mzee?" akauliza kwa utani wake, kabla hata ya salamu.

"Dola elfu moja. Na hapo nimeshahesabu na ya tairi."

"Utaendesha bila tairi?"

"Nitaendesha polepole."

Bernadette akacheka, akasukuma chupa ya chai pembeni. "Haya. Wewe ungeanza na nini?"

"Pawa saplai. Kubwa kuliko zote. Halafu kasha la kioo, lenye taa za rangi."

"Mungu wangu. Taa za nini?"

"Tahnee anapenda taa."

"Tahnee yuko Townsville, Lyall! Ataziona kwa darubini?" Akamwonyesha kidole. "Sikiliza, babu. Nusu ya hela yako yote iende kwenye kadi ya grafiksi, maana ndiyo inayochora kila unachokiona. Prosesa chukua ya kati, ya mwaka juzi, hakuna atakayekucheka. RAM gigabaiti kumi na sita, usishuke hapo hata ukililia. Pawa saplai ya wastani, lakini isiwe ya bei chee, ikiungua inaondoka na majirani. Kasha tumia hilo hilo la zamani."

"Limeingia kutu."

"Na wewe je? Mbona tunakutumia?"

Kwa hiyo kila jioni Lyall akawa anakaa mezani jikoni na simu mkononi, kile kipoza hewa cha paani kinakoroma na kudondosha maji, anachagua vipuri. Mtu aliyezaliwa na spana mkononi alidhani kazi ya kuchagua vipuri anaijua. Akapata madabodi, ule ubao wa kuchomekea vipuri vyote, ya bei nzuri, kumbe inataka RAM mpya za bei mara mbili. Akapata kadi nzuri, akachukua futi akapima kasha, kadi ndefu kupita kasha. Akabadilisha prosesa, na madabodi nayo ikabidi ibadilike, akajikuta amerudi alikoanzia, usingizi umemshika na simu imemwangukia kifuani. Kulikuwa na siku alitamani kutupa kila kitu pipani kule uani na kwenda kulala. Halafu alikuwa akimfikiria Grant ameketi na hedifoni, akajikaza.

Hatimaye vingine vyote akavipata, isipokuwa kadi. Mpya ingetoka pwani kwa lori la mizigo, na lori la mizigo huku kwetu linakuja likipenda. Jumamosi ingemkuta mikono mitupu. Ndipo akaona tangazo la jamaa mmoja wa Cloncurry anayeitwa Neville Ostrowski, ambaye kazi yake ilikwisha na alikuwa anahama. Alhamisi baada ya zamu Lyall akaendesha mpaka huko, polepole, kwa sababu ya lile tairi.

Neville alikuwa ameitoa nyumba nzima barazani: friji, mtumbwi wa injini, vitanda, na kompyuta. Aliiwasha, picha ikatoka safi kama dirisha lililooshwa. Kadi yenyewe ilikuwa imejaa vumbi jekundu hadi feni zake zilionekana kama za udongo.

"Ilikuwa ya kijana wangu," Neville akasema. "Siku hizi anataka simu tu."

"Nikipata tatizo nikupigie?"

"Piga, lakini kesho niko njiani, na huko njiani unajua mwenyewe mtandao ulivyo."

Wakashikana mikono, Lyall akalipa na kuichukua kadi. Njiani Lyall akampigia Bernadette kumpa habari, naye akafurahi kweli.

"Ila usiiwashe na vumbi hilo, mzee, itaungua. Isafishe kwanza."

"Nitaisafisha."

"Isafishe vizuri."

"Bernadette, mimi ni fundi."

Basi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na mimi simlaumu yeyote kati yao. Bernadette alipozungumzia kusafisha aliwaza brashi laini ya kupakia rangi na subira. Lyall alikuwa na miaka karibu thelathini katika karakana ya dizeli, na mtu wa karakana ya dizeli kusafisha anakujua kwa namna moja tu, kompresa ya upepo. Rejeta inapulizwa. Filta ya hewa inapulizwa. Ovaroli tunazipuliza zikiwa mwilini kabla ya kuingia garini, na nimewaona watu wakipuliza makombo ya mkate kwenye ndevu zao.

Ijumaa zamu ilipoisha, Lyall akaiweka kadi juu ya benchi, akaishika kwa kitambaa safi kwa heshima zote, akafungulia upepo. Vumbi likatoka wingu zima. Feni zikazunguka zikilia kwa sauti kali, wenzake wakashangilia, naye akacheka kicheko ambacho hawakuwa wamekisikia kwake siku nyingi. Alipozima, akaona matone ya maji kwenye kitambaa.

Tangi la kompresa hujaa maji, na kila jioni lazima yamwagwe, la sivyo yanatoka na upepo. Wiki ile zamu ya kuyamwaga ilikuwa yake. Alikuwa ameyaahirisha tangu Jumatatu kwa sababu valvu iko chini kabisa, na kuinama kwake ni adhabu.

Akaifuta kadi, akaianika juu ya dashibodi ya pikapu, akajiambia imekauka.

Jumamosi asubuhi akaunda mashine peke yake. Nasema ukweli, ilikuwa kazi safi. Prosesa ilikaa mahali pake bila kulazimishwa, RAM zikaitikia kwa mlio, nyaya akazifunga pamoja kama anavyofunga za lori, na lile kasha la kutu akalipaka rangi nyeusi iliyobaki alipopaka geti. Kwa muda kidogo akasahau mgongo. Akabonyeza swichi. Feni zikazunguka, taa ndogo ya madabodi ikawaka, na kioo kikabaki cheusi.

Akazima. Akawasha. Cheusi.

Akampigia Bernadette, naye akaja akiwa bado na kandambili. Akaichomoa kadi, akaigeuza kwenye mwanga, akainusa.

"Bawa moja la feni limekatika. Na hapa pameungua. Umeisafisha na nini?"

"Kompresa."

"Ya karakana?"

"Ya karakana."

Mama wa watu akajikalia juu ya boksi la barafu lililokuwa pale sakafuni. "Yangu ningekupa hata sasa hivi, Lyall. Niliiuza mwezi uliopita nikatengeneze jino."

Wakajaribu kadi ya zamani. Picha ikatoka, lakini gemu jipya lilikataa kufunguka, likaandika kwamba mashine haitoshi. Lyall akalisoma neno hilo mara ya pili, kisha akainuka akawasha oveni apashe pai, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Bernadette akampiga bega, akaondoka bila utani. Hapo ndipo Lyall alipojua kwamba mambo ni mabaya kweli.

Jua liliposhuka nyuma ya bomba refu la kiwanda, akampigia binti yake.

"Baba! Mbona sikuoni? Umeingia?"

"Sijaingia, mwanangu. Mpe Grant hiyo nafasi."

"Kwa nini? Si ulisema umeshapata kila kitu?"

Akamsimulia yote, vumbi, kompresa, matone, bila kuficha. Tahnee akaangua kicheko, na wale wenzake wawili nyuma yake wakaangua pia. Lyall akawaacha wacheke. Hakuwa na nguvu ya kuona haya.

"Baba," Tahnee akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nikikuambia kitu utakasirika?"

"Nikasirike kwa nguvu zipi?"

"Wewe huwa unalala."

"Silali. Napumzisha macho."

"Unalala, baba. Raundi ya pili haijafika umeshaondoka. Tunakusukuma nyuma ya lile tangi la maji la kwenye gemu ili usipigwe risasi, halafu tunaenda kupigana watatu."

Lyall akatazama pai yake. "Na zile tulizoshinda?"

"Tulishinda watatu."

Akazikumbuka Jumatatu zote za karakana, mdomo wake wote ule. "Sasa miaka yote hiyo mlikuwa mnanitaka wa nini?"

"Unakoroma kwenye hedifoni. Nikikusikia unakoroma najua umefika nyumbani, hujalala kwenye usukani. Mama aliniambia, baba. Siku ile ulipoingia mtaroni hakukuwa na kangaruu."

Lyall alifungua mdomo aseme kangaruu alikuwepo. Uongo ule ulikuwa umemtumikia vizuri, lakini jioni hii haukutoka. Macho yalimuuma, akayafuta kwa kiganja chenye rangi ya geti.

"Hakukuwepo," akasema.

"Najua. Basi usikate simu. Iweke hapo karibu na mdomo wako. Grant atakaa kwenye nafasi tu, wewe ukae hapo."

Kukasikika mkwaruzo, kisha sauti ya kiume, ya mtu asiyejua aweke wapi miguu. "Lyall. Habari za jioni, ndugu yangu. Samahani, mimi haya mambo siyajui. Nisimame wapi?"

Lyall alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mtu huyu, mengine ameyaandaa kwa miaka, na mojawapo lilihusu mbwa.

"Nyuma ya tangi la maji," akamjibu. "Na usisogee."

Akaiegemeza simu kwenye sahani ya pai, akaketi kitini. Akasikia Tahnee anawapanga wenzake, anamfokea Grant asisogee, anacheka. Safari hii alitaka kusikia kila kitu mpaka mwisho. Akajikaza, akajifinya paja, akafumbua macho kwa nguvu.

Raundi ya kwanza haijaisha, akawa anakoroma.